Sawaro na mti wake mlezi

Watoto wanaokaa upande wa Rutshuru na Rwindi wanajua mti mmoja mrefu usio na majani. Matawi yake ni mazito, ya kijani, yameinuka juu kama vidole vya mkono. Ukiukata, maziwa meupe hutoka, na maziwa yale yakiingia machoni yanaweza kumpofusha mtu. Wageni wengi wakiuona husema: «Ni kaktusi!» Sivyo. Kaktusi ndefu hazitoi maziwa ya namna hiyo, na kwao ni bara la Amerika. Moja yenye sifa kuu huitwa sawaro.

Sawaro huota katika jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona huko Marekani, na kaskazini mwa Meksiko. Ukikua kabisa hufika metri 12 au zaidi, na ukishiba maji huwa mzito sana. Unaweza kuishi miaka 150, hata 200.

Je, hupata wapi maji mengi hivyo mahali pakavu? Mizizi yake haishuki sana. Imetandaa karibu na uso wa nchi, kina cha santimetri 10 hivi, nayo huenda mbali sawa na urefu wa mti wenyewe. Mvua ikinyesha hata kidogo, mizizi huyawahi maji kabla jua halijayakausha. Shina nalo lina mikunjo toka chini mpaka juu, kama marinda ya nguo. Maji yakiingia, marinda hufunguka na shina hunenepa. Siku za ukame hujikunja tena.

Lakini mti huo mkubwa huanza kuwa kitu kidogo mno. Tunda moja lina mbegu nyeusi karibu 2,000. Nyingi huliwa na ndege na chungu. Nyingine huota, kisha jua huzichoma. Hupona ile iliyoanguka chini ya mti mwingine. Ikipita miaka 8, mche una santimetri 3 au 4 tu, haufiki urefu wa kidole gumba. Miaka 8! Mtoto aliyezaliwa siku ile mbegu ilipoota, sasa anakwenda shule.

Mti ule unaoufunika mche ndio mlezi wake. Mara nyingi ni palo verde, mti mdogo wenye gome la kijani. Mchana huukinga mche na jua, usiku huukinga na baridi isiugandishe. Wakulima wa Kivu hawatashangaa, maana wao huweka kahawa katika kivuli cha migomba.

Mwaka 1933 serikali ya Marekani ilitenga pori la sawaro karibu na mji wa Tucson ili lihifadhiwe. Miti mirefu ilikuwa mingi, lakini michanga ilikuwa adimu. Kwa nini? Watu walikuwa wamekata walezi kwa ajili ya kuni, na ng'ombe walikanyaga miche. Basi, miti mizee ilipokufa kwa baridi kali, hapakuwa na michanga ya kushika mahali pake. Miche ilionekana tena kwa wingi baada ya ng'ombe kuondolewa.

Mtu wa huko anayetaka kuotesha sawaro hufuata kazi ya mlezi. Wakati wa joto huchukua chungu chenye tundu chini, hutia mchanga mnene na udongo kidogo, hunyunyiza mbegu juu bila kuzifukia ndani. Hukifunika kwa kioo mpaka mbegu ziote. Kisha miche hukaa miaka kadhaa katika kivuli chepesi. Maji hutiwa udongo ukiisha kukauka; majira ya baridi karibu hayatiwi kabisa. Kaktusi nyingi zinazolelewa na watu hazifi kwa kiu, hufa kwa maji. Mizizi huoza, na uozo hupanda shinani.

Siku ya kuuhamisha mche, kwanza hutia alama upande wake wa kusini. Katika nchi ile jua hupita upande wa kusini, na ngozi ya upande huo imezoea. Mche ukigeuzwa, upande ulio laini huungua. Tena haumwagiliwi mara moja: vidonda vya mizizi lazima vikauke kwanza.

Halafu ni kungoja. Maua ya kwanza huja baada ya miaka 35 hivi, na matawi baada ya miaka 50 mpaka 70, pengine zaidi. Mwezi wa sita Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa lile, huangusha matunda kwa miti mirefu iliyotengenezwa kwa mbavu za sawaro zilizokufa.

Wako watu wasiopenda kungoja, hutaka kuhamisha sawaro mzee mpaka uani mwao. Sheria ya Arizona inakataza kuung'oa bila ruhusa. Hata ruhusa ikipatikana, afadhali kuuacha, maana mti huo hudanganya. Mizizi iliyokatwa hufa, lakini shina husimama bado, kijani, likitumia maji ya akiba yake. Mwenye ua hufurahi. Baada ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi, shina huinama, kisha huanguka.