Mbegu Isiyo na Masurufu

Msomaji mmoja wa Mlandege, Iringa, ameuliza swali fupi. Aling'oa okidi ya rangi ya waridi iliyoota kwenye majani pembezoni mwa mipaini, kule Mufindi, akaipanda kwenye kopo, ikafa. Mwaka uliofuata alichuma mbegu za okidi nyingine za palepale, akazisia kwenye udongo mweusi wenye samadi. Haikuota hata moja. Amekosea wapi?

Samadi haina kosa. Pasua tumba kavu la okidi juu ya karatasi nyeupe: kinachomwagika ni vumbi, laini kuliko sembe, pumzi moja hulipeperusha lote. Tumba moja laweza kubeba maelfu ya mbegu. Punje ya hindi huja na wanga wa kuulisha mche hadi utoe majani, lakini mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Ni mtoto aliyepandishwa basi kwenda mjini bila masurufu, anayetegemea kupokelewa.

Mwenyeji wake ni kuvu wa udongoni. Nyuzi zake hupenya ndani ya mbegu na kujiviringa katika seli kama uzi kwenye kibonge. Hapo ndipo penye uhondo: mbegu huviyeyusha vibonge hivyo na kufyonza sukari yake. Kuvu huingiza nyuzi nyingine, zikajiviringa katika seli ileile, zikaliwa tena. Mgeni huyu hapewi jembe siku ya tatu. Hula chungu cha mwenyeji gizani kwa miezi, pengine miaka, kabla ya jani la kwanza kuchungulia jua. Wageni hawa wakishaota majani, baadhi yao hulipa. Mfaransa Noël Bernard aliigundua siri hii mwaka 1899, alipokuta miche michanga ya okidi imejaa kuvu.

Kuvu huyu tumwiteje? Wengi husema fangasi, lakini neno hilo limeshazama kwenye maradhi ya vidole vya miguu. "Kuvumzizi" linavutia, ila mbegu hii bado haina mzizi. "Kuvulezi" nalo litamfanya Mhehe afikirie uji. Basi tuseme kuvu mlezi, maneno mawili, yanayoeleza kazi yenyewe.

Na mipaini? Nayo ina kuvu wake, tena wa ukoo mwingine. Mpaini unaopandwa Sao Hill, hukohuko Mufindi, asili yake ni Meksiko, na kivuli chake huzinyima mwanga okidi zilizozoea nyika wazi.

Nyika ya namna hiyo imehifadhiwa Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walieleza jinsi viazi vya okidi vilivyokuwa vikichimbwa nyanda hizi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Chimbua okidi moja utakuta viazi viwili: kimoja kimenywea, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, kimejaa, ndicho mmea wa mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili.

Msomaji wa Mlandege, kama bado amebakiza vumbi la mbegu kwenye bahasha, na arudi palepale alipolitoa, alipulize juu ya majani, hatua chache tu kutoka kwenye okidi zilizosalia.