Unauza antena? Muulize mteja anakaa wapi kwanza

Wateja wengi wamechoka kulipia vifurushi vya dishi kila mwezi, wanaulizia "TV ya bure". Mzigo unatoka, ila usikurupuke.

Mwaka jana nilituma antena kutoka dukani kwangu Kibaha kwenda Kisarawe. Niliposti "Lipa mara moja, angalia bure". Jioni mama akanipigia: "Mwanangu, umeniuzia chuma cha kuanikia nguo?" Nikarudisha hela yote, na ya boda nikala mimi.

Siku hizi nauliza vitu vitatu:

1. Unakaa wapi? Kilima kinazuia mawimbi ya antena, na Kisarawe ina vilima na mabonde. Yule mama yuko bondeni. Aliye juu, akiweka antena kwenye nguzo ndefu na kuielekeza kwenye mnara, ana nafasi nzuri zaidi.

2. TV ina king'amuzi ndani? Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa 31 Desemba 2012, hivyo antena peke yake haitoshi. TV iwe na DVB-T2, la sivyo anahitaji king'amuzi cha antena.

3. Unataka kuangalia nini? Habari za TBC1 au ITV, sawa. Akisema Simba na Yanga, mwambie ukweli: mwaka 2021 Azam walisaini haki za Ligi Kuu kwa miaka 10.

Nauza chache, lakini hazirudi. Na yule mama? Mwezi uliopita kanunua pasi kwangu.