Umesikia orkestra kwa bahati, je, umeuliza jina lake?

Inaanzaka hivi. Mutu anatoka kazini, mvua inamukamata njiani, anajificha kwenye baraza ya nganda. Ndani kuna vijana watano: gitaa mbili, ngoma, mikro moja yenye kukwaruza. Yeye hakuja juu yao, alikuwa anangoja tu mvua ipite. Kisha sebene inaanza. Mvua inakwisha, yeye hatoki. Siku ya posho inayofuata anarudi, na safari hii anamuleta shemeji yake. Tayari amekuwa fanatiki, na jina la orkestra hata halijui.

Wengi wanajua jambo hili, lakini ni wachache wanaojiuliza linatoka wapi. Sehemu moja ya jibu iko kwenye namna wimbo wa kwetu ulivyojengwa. Mwanzoni ni maneno na sauti za waimbaji, polepole. Kisha mambo yanageuka, gitaa zinashika mbele, ngoma inakaza, na atalaku anaingia na kelele zake. Kazi ya atalaku ililetwa na Zaïko Langa Langa ya Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kifaa chake kinachojulikana ni kopo la dawa ya wadudu lililogeuzwa kayamba. Kwenye diski, sebene inapimwa, dakika chache na basi. Mbele ya watu haipimwi. Mpiga gitaa anatazama wanaocheza: wakichoka anabadilisha, wakipanda anarudia. Kwa hiyo yule aliyejificha mvua hakusikiliza tu, naye alikuwa ndani ya kazi. Nyumbani akiweka wimbo uleule kwenye simu, anaona kama kuna kitu kimepotea, na ni kweli kimepotea.

Kuna mutu mmoja ambaye bahati ya namna hii ilimusumbua karibu miaka 20. Anaitwa Vincent Kenis, mwanamuziki wa Ubelgiji. Karibu mwaka 1980 alisikia kwenye redio ya Ufaransa, France Culture, orkestra iliyorekodiwa Kinshasa. Hakuwa amesikia kitu kama kile: likembe zenye sauti ya umeme, zenye kukwaruza kama gitaa za roki, na ngoma isiyopumzika. Ilikuwa ni Konono N°1, orkestra ya mzee Mawangu Mingiedi, iliyoanza miaka ya 1960.

Kenis alifika Kinshasa kuitafuta, akaikosa. Jambo hili si la ajabu kwa mutu anayejua maisha ya orkestra zetu. Wapigaji wanahama, mwingine anarudi kijijini, vyombo vinaharibika na pesa ya kuvitengeneza haipo. Aliwapata mwaka 2000. Diski yao, Congotronics, ilitoka mwaka 2004 kwa kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, na kutoka pale wazee wa likembe wakaanza kuzunguka Ulaya na Marekani. Mwaka 2007 sauti yao ikasikika kwenye diski ya Björk, mwimbaji wa Iceland. Papa Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Sauti yenyewe inastahili kuelezwa, juu inatoka kwa shida tunayoijua wote. Likembe ni chombo cha sauti ndogo. Kijijini inatosha. Muziki wa Mingiedi unatoka kwa Bazombo, kule kwenye mpaka na Angola, na zamani ulikuwa unapigwa kwa pembe. Lakini weka likembe katikati ya Kinshasa, kati ya magari, wauzaji na redio za majirani: nani ataisikia? Mingiedi alichukua sumaku kutoka kwa vipande vya magari ya zamani na waya wa shaba. Waya ukizungushwa na kuwekwa karibu na sumaku, na ulimi wa chuma wa likembe ukitetemeka pale pembeni, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo unapelekwa kwenye mashine ya kukuza sauti, kisha kwenye bafle. Mikro zao pia walijitengenezea, na ngoma nyingine zilikuwa vyuma vilivyookotwa. Sauti zilitolewa na lance-voix, yale mapembe makubwa ya bati ya wakati wa wakoloni.

Sauti ikatoka kubwa, lakini ikatoka na mkwaruzo. Hakuna aliyeutafuta. Wangeweza kuuona ni kosa, lakini waliuzoea, wakapiga pamoja nao, na ndio uliowakamata wageni. Fundi mzuri wa studio angeusafisha wote, na pengine hakuna mutu Ulaya angegeuka kusikiliza.

Kesi ya pili ni ya Staff Benda Bilili. Mwaka 2004, Wafaransa wawili watengenezaji wa filamu, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikutana nao Kinshasa barabarani. Wengi wao walikuwa wameguswa na polio, wanatembea kwa vigari walivyotengeneza wenyewe, na mazoezi walifanyia kwenye bustani ya wanyama. Ricky Likabu aliongoza. Kijana Roger Landu alipiga satonge, chombo alichojitengenezea kwa kopo la bati, mti uliopindwa na waya mmoja tu. Diski yao, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009, na Kenis yuleyule ndiye aliyeirekodi, palepale bustanini, umeme ukivutwa kwa waya mrefu kutoka buvette moja. Mwaka 2010 filamu yao ilionyeshwa Cannes. Wimbo wao mmoja unawaomba wazazi wapeleke watoto kwa chanjo ya polio, na waliouimba walikuwa wanajua wanachosema.

Lakini mwaka 2013 kundi likavunjika. Coco Ngambali na Théo Nzonza waliondoka, baadaye wakafanya Mbongwana Star. Fanatiki wengi walishangaa. Wao walikuwa wameona jukwaa tu, hawakuona hesabu, ndege, uchovu, na watu wengi wanaongoja sehemu yao nyumbani. Anayependa orkestra anapenda usiku mmoja. Wanamuziki ndio wanaobaki na siku zingine sita za juma.

Turudi kwa yule wa kwenye baraza. Usiku ule alitoa matabisi, akabandika noti ya franka kwenye kipaji cha mwimbaji. Ni vizuri, ile noti inalisha mutu palepale. Ila matabisi haiachi alama. Jina ndilo linaloacha alama, na hapa redio nazo zina deni. Mara ngapi wimbo unapigwa hewani asubuhi, mtangazaji anaingia juu ya sebene kutoa saa na bei ya mafuta, na wimbo unakwisha bila mutu kujua nani kauimba? Pesa za haki za mwandishi, kazi ambayo kwetu ni ya SOCODA, zinahitaji orodha: wimbo gani, wa nani. Asiyeandikwa kwenye orodha hana cha kudai, hata kama wimbo wake umepigwa mara mia.

Kwa msikilizaji, jambo ni dogo zaidi. Orkestra ikipumzika, mukaribie kiongozi wake. «Papa, muziki yenu imetugusa. Munaitwaka nani, na munapigaka wapi tena?» Andika jina kwenye simu pamoja na siku na mahali. Ukichukua video, sema jina lao kwa mdomo ndani ya video yenyewe, juu maandishi yanapotea video inapotoka simu moja kwenda nyingine. Na kama wana diski au namba ya kuwaalika kwa ndoa, chukua palepale kabla mvua nyingine haijaanza na kila mutu kukimbia na gitaa yake kichwani.