Soksi za kuzungukia shamba wakati wa joto: usinunue kwa unene

Kantangaze bado tunaye, ila leo naomba tuongelee soksi. Usicheke, subiri kwanza.

Novemba moja nilipanga kuzungukia mashamba ya nyanya huko Mlali, Mvomero, kwa miguu, maana pikipiki haifiki kote. Jua la Morogoro mwezi huo mnalijua. Nikavaa soksi nene za pamba ndani ya gambuti, nikiamini unene ndo ulinzi. Kufika shamba la tatu kisigino kina lengelenge, shamba la nne limepasuka. Nikageuza nyumbani nachechemea. Shamba la tano nililifikia siku nne baadaye, na kantangaze alishatoka kwenye majani akaingia kwenye matunda. Mwenye shamba hakunilaumu, ila mimi nilijua. Na wewe ukikagua ekari zako mbili huku unachechemea, utaishia matuta ya karibu na njia.

Lengelenge linakuja vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Pamba inanyonya jasho vizuri sana, shida yake haliachii. Ikishalowa inakuwa nzito, inalegea, inajikunja chini ya unyayo, na ngozi iliyolowa inachubuka haraka. Nyuzi za poliesta na nailoni hazinywi maji mengi, kwa hiyo zinakauka upesi. Sufu nyembamba ya kondoo aina ya merino nayo ni nzuri hata kwenye joto, na hainuki upesi. Mpya bei yake ni kubwa, lakini kwenye mitumba nimewahi kuziokota kwa bei ya soksi za kawaida.

Sasa soksi za mitumba nyingi lebo hazina. Utajuaje? Chomoa kauzi kamoja, kachome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Nyingi ni mchanganyiko, na hilo sio baya, mradi pamba isiwe ndo nyingi. Njia nyingine ni kulowesha soksi mbili tofauti, uzikamue na kuzianika kivulini. Itakayotangulia kukauka ndo ya kazi.

Ukiishika, angalia juu ya mguu: pawe pepesi, ukiinyoosha kwenye mwanga uone vitundu. Kisigino na vidoleni panaweza kuwa pazito kidogo, hapo ndipo panapopigwa. Mshono wa vidoleni upitishe kidole, ukiusikia kama kamba, achana nayo. Kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako, sio juu ya kifundo. Soksi kubwa inajikunja, na mkunjo ndo lengelenge lenyewe. Kwa gambuti, soksi ipite juu ya mdomo wa buti, la sivyo mpira utakukwangua ndama ya mguu. Zile soksi fupi za raba hapa hazifai kabisa.

Halafu kuna hili la kuvaa soksi mbili nene kwa sababu buti ni kubwa. Hapana. Badilisha buti au weka soli ya ndani. Zikiwa mbili, ya ndani iwe nyembamba na ya kubana, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi, sio soksi na ngozi.

Niwe mkweli: gambuti halipitishi hewa, kwa hiyo hata soksi bora italowa tu. Beba pea ya pili kwenye mfuko mkavu, saa sita vua, futa miguu mpaka katikati ya vidole, vaa nyingine. Hii inasaidia pia kwa fangasi. Kama una zile za pamba tu, usizitupe, fanya hivihivi. Na kama ardhi ni kavu, hupulizi dawa na eneo lako halina nyoka wengi, kagua na viatu vya kufunga vya kitambaa, mguu utapumua.

Siku ya kupuliza, suruali ikae nje ya buti ili dawa isichuruzike ndani. Soksi ikilowa dawa, ivue hapohapo na unawe mguu kwa sabuni, usisubiri umalize pampu. Ifue peke yake, isichanganywe na nguo za watoto.

Lengelenge likitoka usilitoboe. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika, kisha usiingie kwenye matope na kidonda wazi. Mwenye kisukari aende zahanati mapema, hata kama hasikii maumivu.

Kufua: geuza ndani nje, sabuni ya kawaida inatosha, dawa ya kulainisha nguo acha kwa sababu inaziba nyuzi zisipitishe jasho. Na buti nazo zigeuze mdomo chini usiku, ukivaa soksi kavu ndani ya buti bichi umefanya kazi bure.