Moshi wa Luano na Familia Zake

Kati ya Mei na Septemba, anayeshuka uwanja wa ndege wa Luano hulikuta anga la Lubumbashi limefifia kwa moshi. Nyasi za pori zinaungua, matanuri ya makaa yanafuka kwenye misitu ya miombo, na magari nayo yanaongeza ya kwao.

Kati ya gesi za moshi huo zimo mbili, oksidi ya nitrojeni (NO) na dioksidi ya nitrojeni (NO2), na anayepima ya kwanza peke yake atadanganyika. Mchana NO hukutana na ozoni ikawa NO2. Jua huipasua NO2 irudi kuwa NO, na atomu ya oksijeni iliyobanduka hujiunga na oksijeni ya hewa, ikazaliwa ozoni upya. Yote hayo ni ya dakika chache. Usiku hakuna jua la kuirudisha NO, basi mbali na magari na moto hutoweka karibu yote, na kipimo kitasema hewa imesafika. Haijasafika.

Ndiyo maana wanakemia wa angahewa huzijumlisha gesi hizi mbili kuwa familia moja, NOx. Watoto wakihama chumba hadi chumba, idadi ya walio nyumbani ni ileile. Hupungua mmoja akitoka mlangoni. Mlango mkuu wa NOx mchana ni asidi ya nitriki, inayotokea NO2 ikikutana na hidroksili, na kuufikia huchukua saa kadhaa, pengine siku nzima. Sehemu nyingine hujificha ndani ya kampaundi iitwayo PAN, ikasafiri mbali katika baridi ya juu, kisha ikikuta joto huiachia NO2. Ukoo huo wote huitwa NOy.

Hesabu hii hufumbua fumbo la ozoni kuwa kidogo kando ya barabara yenye magari kuliko mashambani. NO ya magari imeimeza kwa muda tu. Jumlisha ozoni na NO2, yaani familia ya Ox, utaona jumla haikupungua. Upepo ukiisogeza hewa hiyo mbali, jua huirudisha ozoni, na huko ndiko mapafu na mazao yanakoumia.

Paul Crutzen, mmoja wa washindi wa Nobel ya kemia ya 1995, alikwisha kuandika na wenzake mwaka 1979 kwamba kuchoma mimea huzalisha gesi nyingi za namna hii. Mwaka 1992, utafiti wa SAFARI 92 ulichunguza moshi wa savana za kusini mwa Afrika na ozoni inayokusanyika juu ya Atlantiki.

Basi atakayefunga mitambo ya kupima hewa Lubumbashi, apime NO, NO2 na ozoni mahali pamoja, usiku na mchana, na kiangazi asikose hata wiki moja.