Usubi si wa namna moja: tumjue mdudu mbele ya kununua dawa



Huku Kailo, mangaribi ikifika, kila mtu anajipiga makofi miguuni na shingoni. Ni tule tunzi tudogo-dogo tunaopita hata kwenye matundu ya chandarua. Wengi wetu tunawaita wote jina moja, usubi, na tunataka wote wafe. Hapo ndipo feza ya koperative inapotea bure. Kati ya wadudu hawa kuko wanaoleta ugonjwa, kuko wanaoharibu mpunga, na kuko wanaotufanyia kazi bila mshahara. Dawa ya kupiga haichagui.

Kumtambua mdudu wakati anaruka ni kazi ngumu. Ni vizuri kuuliza: huyu anazaliwa wapi?

Wa matope na samadi

Usubi anayetuuma jioni, wataalamu wanamwita Culicoides. Urefu wake ni milimita 1 hadi 3 tu. Anayeuma ni jike peke yake, maana anahitaji damu juu ya mayai yake. Funza wake wanakaa katika matope, samadi yenye maji na migomba iliyooza. Anaweza kumpa mtu minyoo midogo ya damu, na kondoo anaweza kumpa ugonjwa wa ulimi wa buluu: homa, mdomo kuvimba, kuchechemea.

Kupiga dawa kichakani hakusaidii sana, kwani kila siku wengine wanatoka matopeni. Tukaushe matope kandokando ya zizi, samadi tuipeleke kwenye shimo la mboji mbali na nyumba, na mangaribi tuwashe moshi karibu na mifugo.

Wa maji ya mbio

Mwingine ni mweusi, ana kibyongo mgongoni, na anauma muchana. Huyu ni Simulium. Funza wake wanashika mawe na majani pale mto unapokimbia, kwa sababu wanahitaji maji yenye hewa nyingi. Ndiye anayeeneza onkoserkose, ugonjwa wa kujikuna ngozi unaoweza kumaliza macho. Wenye mashamba karibu na maporomoko wako katika hatari zaidi.

Mtu asimwage dawa ya shamba mtoni. Itaua samaki na kuharibu maji ya kunywa. Kinga yetu ni vidonge vya ivermectine. Toka mwaka 1987 mtengenezaji wake, Merck, anavitoa bure kwa ugonjwa huu. Vinaua watoto wa minyoo, lakini minyoo mikubwa inabaki hai mwilini miaka mingi. Kwa hiyo mtu aliyekunywa mwaka jana, mwaka huu akunywe tena wagawaji wakipita.

Wa mpunga wa bondeni

Huyu hamuumi mtu. Anafanana na mbu mdogo, na anapatikana katika nchi nyingi za Afrika. Zamani wataalamu walidhani ni sawasawa na yule wa Asia. Mwaka 1982 ndipo walipomtenga na kumpa jina lake, Orseolia oryzivora. Mwaka 1988 aliharibu mpunga mwingi sana Nigeria.

Jike anataga mayai usiku juu ya majani. Funza anashuka mpaka moyo wa mche. Hapo mche, pahali pa kutoa jani, unatoa bomba refu jeupe-jeupe, mfano wa jani la kitunguu. Shina lenye bomba hilo halitatoa suke hata moja. Ule mpunga wa nchi kavu, tunaopanda nyuma ya kukata pori, haupatwi sana. Wanaoteremka kulima mabondeni ndio wachunguze vizuri.

Tusimchanganye na funza wa shina. Huyo anakausha jani la katikati, na ukilivuta linatoka bila nguvu. Hakuna bomba.

Ukiona bomba, dawa ya kupiga imechelewa: funza yuko ndani, haimfikii. Tena inaua nyigu wadogo sana wanaotaga mayai yao ndani ya funza huyo na kumumaliza. Kinachosaidia ni kazi ya pamoja:

- Bonde moja lipandwe mapema, na kwa wakati mmoja. Anayechelewa ndiye anayepokea wadudu wa jirani zake wote.
- Nyuma ya mavuno, machipukizi na mpunga wa pori ving'olewe. Ndimo mdudu anamongojea msimu mwingine.
- Mbolea ya urea isizidishwe. Mche laini unamfurahisha.
- Majani ya Paspalum scrobiculatum yakiwa kwenye matuta, yaachwe. Yana usubi wake wa aina nyingine, asiyegusa mpunga, na wale nyigu wanaishi kwake wakati mpunga haupo.

Wanaotufanyia kazi

Mwenye bwawa la samaki akichota tope la chini atakuta funza wekundu kama damu. Ni watoto wa usubi asiyeuma, na tilapia wanawapenda sana. Dawa ikiingia bwawani, samaki wasipokufa watakosa chakula.

Na mwenye miti ya kakao ajue hili: chavua ya kakao inanata, upepo hauibebi. Anayeipeleka toka ua hadi ua ni usubi anayeitwa Forcipomyia, anayezaliwa katika majani yaliyooza. Ua lisilofikiwa linaanguka nyuma ya siku moja au mbili. Basi tusifagie chini ya kakao mpaka udongo uwe mtupu. Tuache majani, tuongeze vipande vya mgomba. Ila matunda yenye uozo mweusi yaondolewe shambani, maana yataambukiza mengine.

Mbele ya mkutano wenu ujao, kila mwenye shamba bondeni apite katika mpunga wake, angoe mashina anayoyatilia shaka, aje nayo. Yapasueni pamoja mbele ya monitere wa kilimo. Mkishaona kilicho ndani, ndipo mzungumze juu ya feza ya dawa.