Majani Yanayoishia Njiani

Mwezi Juni 2022 wafugaji wa nguruwe wa Denmark, Uhispania na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya walikatazwa unga mweupe waliokuwa wakiutegemea kwa miaka mingi: oksidi ya zinki. Kila kilo ya chakula cha watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa ziwa ilikuwa ikitiwa takriban miligramu 2,500 za zinki, ilhali mwili wenyewe unahitaji kama miligramu 100 tu. Kuhara kulipungua kweli. Lakini zinki nyingi kiasi hicho haikai mwilini. Hutoka na mavi, huenda shambani pamoja na mbolea na kujilimbikiza kwenye udongo. Tena huwanufaisha bakteria waliozoea metali, ambao mara nyingi ndio hao hao wenye usugu dhidi ya antibiotiki. Antibiotiki za kukuzia mifugo nazo Ulaya ilikwisha kuzipiga marufuku tangu Januari 1, 2006, na Sweden ilitangulia miaka 20 kabla. Basi zinki ilipoondoka, macho yakageukia jikoni: oregano, taimu, mdalasini, kitunguu saumu, pilipili, manjano, hata eugenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu. Sijui mkulima wa Pemba angesema nini akiambiwa mafuta ya zao lake yanaishia kwenye hori la nguruwe wa Ulaya.

Huku kwetu hakuna aliyengoja amri ya Brussels. Mfugaji wa Mbeya au wa Masaka ambaye watoto wa nguruwe wake wanaharisha hutwanga kitunguu saumu, huchemsha mwarobaini, au hukatia shubiri kwenye maji ya kunywa. Wengine huapa kuwa inafaa, wengine wameshakata tamaa. Nionavyo, mabishano hayo hayataisha mpaka tukubaliane kwanza ni kitu gani hasa kinachoharibika tumboni mwa mnyama huyu siku anapotenganishwa na mama yake.

Nguruwe akiachwa huru na wanawe, huwaachisha polepole kwa wiki nyingi, mara nyingi wakafikisha miezi mitatu au zaidi. Bandani kazi hiyo hufanywa kwa siku moja. Sheria ya Ulaya inataka wawe wametimiza siku 28, na kwa masharti fulani hushuka hadi 21. Siku hiyo mtoto anapoteza mama, anachanganywa na wageni wa kupigana nao, na badala ya maziwa anakuta unga wa nafaka na soya. Maziwa hayakuwa chakula tu. Yalileta kingamwili zilizokuwa zikilinda ukuta wa utumbo kila aliponyonya, na yeye mwenyewe hajaanza kutengeneza za kutosha. Yalileta pia laktosi, sukari ambayo bakteria wema waliigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo iliyozuia wadudu wengi tumboni, kwa kuwa tumbo changa bado ni hafifu katika kutoa asidi yake.

Halafu mtoto huyo hali. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami ningependa wauza dawa wapatazame zaidi. Baadhi hula baada ya saa chache, wengine hupitisha siku mbili bila kugusa hori. Utumbo mwembamba umefunikwa na vijinyuzi vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na seli za vijinyuzi hivyo hupata sehemu kubwa ya lishe yake moja kwa moja kutoka kwenye chakula kinachopita, siyo kwenye damu peke yake. Chakula kisipopita, navyo hunyauka. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1986 kwa watoto wa nguruwe walioachishwa wakiwa na siku 21 vilionyesha kuwa ndani ya saa 24 urefu wa vijinyuzi ulipungua kwa karibu robo, na kufikia siku ya tano ulibaki karibu nusu. Mtoto anapoanza kula sana baadaye kwa njaa, hana tena eneo la kutosha la kumeng'enyea na kufyonza. Chakula kisichomeng'enywa huwa karamu ya bakteria. Aina za E. koli zenye nyuzi za kunatia ziitwazo F4 na F18 hujibandika kwenye ukuta wa utumbo na kutoa sumu inayozifanya seli zimwage maji na chumvi. Mkia unalowa, macho yanaingia ndani, na mnyama anaweza kufa kwa kukaukiwa maji.

Kwa hiyo njaa hutangulia, na mdudu hufuata. Dawa nyingi za majani huuzwa kama silaha dhidi ya huyo wa pili.

Na kweli, kwenye sahani ya maabara ni silaha. Kavakroli ya oregano na timoli ya taimu hupenya kwenye utando wa bakteria na kuutoboa, vilivyomo vikavuja. Tatizo ni safari. Mwaka 2008 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, waliwapa watoto wa nguruwe kavakroli, timoli, eugenoli na kiini cha mdalasini, wakafuatilia vinapokwenda. Karibu vyote vilifyonzwa tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Huko mbele, kilibaki kidogo mno cha kuwazuia E. koli. Ndiyo maana viwanda siku hizi hufunika mafuta hayo kwa tabaka la mafuta magumu ili yayeyuke mbele ya safari. Majani yaliyotwangwa na kumwagwa horini hayana tabaka hilo.

Lakini mwaka 2013 kundi la watafiti katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilitoa matokeo yanayovuruga hesabu hii. Waliwaambukiza watoto wa nguruwe E. koli kwa makusudi, wakawalisha dondoo za pilipili, kitunguu saumu au manjano kwa kiwango cha miligramu 10 tu kwa kilo ya chakula. Kuhara kulipungua. Kiwango hicho ni kidogo mno kuua bakteria, maana maabarani viini vya mimea kwa kawaida huhitaji mamia ya miligramu kwa lita. Kilichoonekana ni kwamba uvimbe mwilini ulitulia. Yaani mmea ulisema na kinga ya mnyama, siyo na mdudu. Mimi hili ndilo linalonishawishi, kuliko matangazo yote ya "antibiotiki asilia".

Turudi kwenye kinu cha mfugaji. Alisini, kiini kikali cha kitunguu saumu, haimo kwenye punje nzima. Huzaliwa inapopondwa, kwa kazi ya kimeng'enya ambacho moto hukiua. Anayechemsha kitunguu kizima anabakiwa na supu. Mwarobaini ni hatari zaidi kwa sababu nyingine: ni mchungu, na nguruwe ana pua na ulimi hodari. Chochote kinachomfanya mtoto aache hori katika siku tatu za kwanza kinaumiza vile vijinyuzi, hata kiwe na sifa gani. Na nguvu ya jani hubadilika kwa udongo, msimu na namna lilivyoanikwa, hivyo konzi ya leo siyo konzi ya jana. Aliyekwisha kuanza kuharisha maji anahitaji kwanza maji safi yenye chumvi na sukari, na daktari wa mifugo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Wageningen, Uholanzi, likachapishwa mwaka 2010, nalo halikutafuta dawa kabisa. Nguruwe wenye mimba walilishwa chakula chenye ladha ya anisi, kiungo cha jamii moja na giligilani. Ladha hupita kwenye maji ya uzazi, mtoto akaizoea kabla hajazaliwa. Baada ya kuachishwa, watoto wa mama hao, walipoikuta tena ladha hiyo, walikula zaidi, wakakua haraka zaidi na kuharisha kidogo kuliko wenzao. Wala hawakuwa wakikipendelea chakula chenye anisi. Walikula na kile kisicho nayo. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa harufu peke yake hewani bandani ilitosha kuwatuliza.